Kula kwa Saa

Niliugua bulimia, ugonjwa wa kubugia chakula kisha kukitapika, tangu usichana hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi na majukumu, na muda wote huo hakuna aliyenishuku. Sikuwa mwembamba, sikuwa mnene. Tatizo la kula likitajwa, watu humfikiria msichana aliyebaki mifupa, na kwa kuwa mimi sikufanana naye, hata nyumbani waliponikuta jikoni usiku wa manane waliona ni njaa tu. Wagonjwa wengi wa bulimia wana uzito wa kawaida, wengine umezidi. Ukimtafuta mgonjwa kwa kumtazama umbo, utawapita wengi wanaoketi nawe meza moja kila siku.

Aliyenigundua ni daktari wa meno. Nilikwenda kwake kwa sababu maji baridi yalikuwa yakinichoma meno. Aliyakagua, akarudia kuyakagua, hasa upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, ule unaoelekea ulimi. Hapo ndipo tindikali ya tumboni hupita mtu anapotapika, na hapo ndipo gamba gumu la jino huanza kulika. Akavua barakoa, akaniuliza taratibu, "Dada, huwa unatapika mara kwa mara?" Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikalia palepale kwenye kiti. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia mambo mawili: nisipige mswaki mara tu baada ya kutapika, kwa kuwa jino lililolainishwa na tindikali husuguliwa likaisha, bali nisukutue kwa maji, na siku ileile nikapime damu.

Damu ilionyesha potasiamu iko chini. Nilikuwa nimezoea misuli kukaza usiku na moyo kwenda mbio nikipanda ngazi. Daktari aliyenipokea alinieleza kwamba mtu anapotapika, au anapojiharisha kwa dawa, madini haya hupotea, na moyo unayategemea ili upige kwa mpangilio. Yakishuka sana, moyo unaweza kusimama kwa mtu anayeonekana mzima kabisa. Wakanipima umeme wa moyo, wakanipa potasiamu, wakaniita tena baada ya siku chache kurudia kipimo. Hata mashavu yangu yaliyotuna, ambayo nikiyaona kwenye kioo nilizidi kujinyima, yalikuwa ni tezi za mate zilizovimba kwa sababu ya kutapika. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ukinitengenezea sababu ya kuuendeleza.

Kwa mwanasaikolojia nilikwenda nimejiandaa kusimulia maisha yangu yote. Nilitaka tuanzie utotoni. Yeye alitaka tuanzie asubuhi ile.

"Leo umekula saa ngapi?"

Ilikuwa alasiri, na nilikuwa sijala.

"Na jana, kabla ya kubugia, ulikuwa umekaa na njaa tangu saa ngapi?"

Tangu juzi usiku, kama nilitaka kusema kweli. Akachukua karatasi akachora duara. Juu akaandika masharti: vyakula nilivyojikataza, saa nilizojikataza kula. Pembeni akaandika njaa. Chini akaandika kubugia. Upande wa pili, kutapika, na kutoka hapo mshale ukarudi juu kwenye masharti, safari hii makali zaidi. Akaniuliza ni wapi kwenye duara lile nadhani tunaweza kulikata. Nilionyesha kubugia, kwa sababu ndiko kulikonitia aibu. Akatikisa kichwa, akaweka kidole kwenye njaa. "Mtu aliyezama akiibuka," alisema, "huvuta hewa kwa pupa. Hatumwiti mroho wa hewa."

Sijawahi kusahau maneno yale. Kwa miaka yote nilikuwa nikijiona mtu asiye na nidhamu, na kumbe kilichokuwa kikinisukuma usiku kwenda jikoni ni nidhamu ya mchana. Ili daktari aiite hali hii bulimia, kubugia na kujisafisha hutokea kwa wastani angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Kubugia maana yake ni kula kingi mno kwa muda mfupi huku umepoteza uwezo wa kujizuia, na kujisafisha ni kutapika, kumeza dawa za kuharisha, kufunga kabisa au kufanya mazoezi ya kujiadhibu. Juu ya hayo yote, mtu hujipimia thamani yake kwa uzito na umbo. Nilipoyasikia yametajwa mfululizo hivyo, kwa sauti ya kawaida, niliona kwa mara ya kwanza kwamba nina ugonjwa unaojulikana, uliowahi kuwapata watu wengine, na wenye namna yake ya kutibiwa. Ulipewa jina na daktari Gerald Russell huko London mwaka 1979. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwepo, jina ndilo halikuwepo.

Ratiba niliyopewa ilikuwa nyepesi kuielewa na ngumu kuifuata. Kifungua kinywa, kitu kidogo, chakula cha mchana, kitu kidogo, chakula cha jioni, na ikihitajika kitu kidogo tena kabla ya kulala. Pengo kati ya kula na kula lisizidi saa 4. Sikutakiwa kusubiri kusikia njaa, kwa sababu mwili uliochezewa muda mrefu hautoi tena ishara za kuaminika za njaa wala za shibe. Nilitakiwa kula kwa saa ya ukutani. Na sharti lililokuwa zito kuliko yote: kama usiku nimebugia na kutapika, kifungua kinywa cha asubuhi kipo palepale. Kila kiungo changu kilitaka kufidia. Kufidia ndiko kulikokuwa kunaanzisha duara upya.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya, na nazieleza kwa sababu wengi huacha tiba hapo. Tumbo lilijaa baada ya kula kidogo. Miguu ikavimba, pete ikakataa kutoka kidoleni, na mizani ikapanda ghafla. Kila nilichokuwa nikikiogopa kikawa kimetimia mbele ya macho yangu. Bahati ni kwamba nilikuwa nimeonywa mapema: mtu akiacha kutapika na kuacha dawa za kuharisha, mwili uliozoea kukaushwa hushikilia maji kwa muda, halafu huyaachia. Kwangu yaliondoka. Kama nisingeonywa, ningerudi chooni kutapika kwa imani kamili kwamba naokoa mwili wangu.

Dawa za kuharisha nilizimeza miaka mingi bila kujua zinafanya nini hasa. Zile nilizokuwa nikitumia hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinapofika huko sehemu kubwa ya nguvu yake imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini. Unajiona mwepesi kwenye mizani, na ukinywa maji wepesi wote unaisha. Kutapika nako hakurudishi chote kilicholiwa. Nilikuwa nauharibu moyo na meno yangu kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikuwa kikitokea.

Daftari nalo lilikuwa sehemu ya tiba. Niliandika papo hapo nilipokula, siyo jioni nikikumbuka: saa, nilichokula, nilipokuwa, kama nilibugia, na nini kilikuwa kikipita kichwani. Kalori hazikuandikwa hata moja. Uzito nilipimwa mara moja kwa wiki, siku maalumu, mbele ya mwanasaikolojia, na mizani ya nyumbani nilimpa dada yangu aihifadhi. Baada ya majuma machache kurasa zilianza kusema. Usiku wa kubugia ulikuwa karibu kila mara umetanguliwa na mchana wa kujinyima, na ule uliobaki ulikuwa umetanguliwa na ugomvi au upweke. Tulianza na ule wa kujinyima, uliokuwa mwingi zaidi. Ratiba iliposhika, sehemu kubwa ya kubugia ilipungua yenyewe kabla hatujagusa utoto wangu, na hapo ndipo tukapata nafasi ya kushughulikia ule uliobaki, pamoja na kioo, pamoja na mkono wangu uliokuwa ukifinya nyama za tumbo mara nyingi kwa siku, pamoja na vyakula nilivyoviogopa, ambavyo nilianza kuvila kimoja kimoja nikiwa na mtu niliyemwamini.

Tiba hii huitwa tiba ya utambuzi na tabia, na namna iliyotengenezwa mahususi kwa matatizo ya kula iliendelezwa na Christopher Fairburn na wenzake wa Oxford. Kwa mtu ambaye uzito wake hauko chini sana huwa ni vikao 20 katika wiki 20. Kwa aliyedhoofika sana, vikao huongezwa hadi kama 40. Sitasema kwamba humponya kila mtu. Namfahamu mwenzangu aliyeimaliza yote na bado akahitaji njia nyingine.

Jambo lililonifumbua macho kuliko yote halikutoka kwenye tiba yangu. Lilitoka kwenye jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia mwaka 1944. Vita vilikuwa vimeacha watu wengi na njaa, na mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwarudishia afya. Wanaume 36 walijitolea, wote vijana waliochaguliwa kwa sababu ya uzima wao wa mwili na akili. Kwa wiki 24 walilishwa nusu njaa, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hawa hawakuwa na hofu yoyote ya unene. Hata hivyo, walianza kuota chakula, kukizungumzia mchana kutwa, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuvuta mlo mmoja kwa saa nzima. Wakawa wakali, wenye huzuni, wakajitenga na marafiki, wakasikia baridi wakati wenzao wanatoka jasho. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Nilisoma hayo nikijiona ukurasa baada ya ukurasa. Mambo niliyoyaita tabia yangu, hata ukali niliokuwa nikimfanyia mama, yalikuwa ni dalili za njaa.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema mgonjwa lazima kwanza aelewe chanzo ndipo aanze kula, naingia wasiwasi. Ubongo wenye njaa hauwezi kazi hiyo. Na kwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mtu akonde kupita kiasi, kusubiri huko kunaua.

Katika kikundi chetu cha wagonjwa alikuwemo kijana wa kiume mwenye anoreksia. Ilimchukua muda mrefu kupata tiba kwa sababu kila alipokwenda walimpima kifua, tumbo na damu, na hakuna aliyemuuliza anakula nini. Ugonjwa wenyewe haujawahi kuwa wa wasichana peke yao: mwaka 1689 daktari Richard Morton wa London alipoandika habari za wagonjwa wawili waliokonda bila homa wala kikohozi, mmoja alikuwa mvulana wa miaka 16. Yule kijana wa kikundi chetu alikuwa hana duara kama langu. Yeye alijinyima, na kujinyima kukampa utulivu, na kadiri alivyokonda ndivyo alivyozidi kujiona mnene na kukana kwamba anaumwa. Moyo wake ulipiga polepole mno, alisikia baridi wakati wote, manyoya laini yalimwota mgongoni, na mifupa yake ilikuwa imeanza kudhoofu akiwa bado kijana.

Yeye alilazwa, na kwa sababu nzuri. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akilishwa sana kwa ghafla, homoni ya insulini hupanda na kuyasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, yakaisha kwenye damu. Moyo na mapafu vinaweza kushindwa kazi. Ndiyo maana hospitalini humwongezea chakula hatua kwa hatua, humpa vitamini B1, na humpima damu kila mara. Familia yenye mgonjwa aliyekonda sana isijaribu kumjaza chakula nyumbani kwa haraka. Impeleke kwanza apimwe.

Nje ya chumba cha kikundi nilizoea kuketi na mama mmoja aliyekuwa akimleta binti yake wa miaka 14. Wao walikuwa kwenye tiba ya familia, ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Nilipoisikia mara ya kwanza sikuipenda, kwa sababu mwanzoni wazazi ndio huamua mtoto ale nini, kiasi gani na saa ngapi, na hukaa naye mpaka amalize. Mama yule alinieleza, "Mwanangu, mimi sipigani na binti yangu. Napigana na ugonjwa uliomkalia, na yeye yuko nyuma yake ananisubiri." Alikuwa akitukanwa mezani kila siku na mtoto ambaye zamani hakuwahi kumpandishia sauti. Alikaa tu. "Najua huyu siye," alisema. Baadaye, uzito ukirudi, mamlaka ya kula hurudishwa kwa kijana kidogo kidogo, na mwisho wa tiba hugeukia mambo ya kawaida ya ujana. Kwa kawaida huchukua miezi 6 hadi 12, na kwa vijana wenye anoreksia ambao hawajaugua muda mrefu ndiyo tiba yenye ushahidi wa kutosha kuliko nyingine. Alichonifundisha mama yule kuhusu subira sikukipata popote pengine.

Mwenzetu mwingine alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akibugia bila kutapika. Kila daktari alimwandikia kupunguza kula, naye akapunguza, njaa ikaja, akabugia. Hali yake imetambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili tangu 2013 tu, ingawa daktari Albert Stunkard aliieleza tangu 1959, na ndilo tatizo la kula linalowapata watu wengi kuliko anoreksia na bulimia. Aliniambia kilichomponya aibu ni kupewa chakula cha mchana na mtaalamu wa lishe bila mahubiri. Kuna pia wale wanaokwepa chakula kwa sababu ya ladha, namna kinavyohisika mdomoni au hofu ya kukabwa, bila kujali umbo kabisa. Watoto wengi wa namna hiyo huitwa wadekaji wakati wanakosa virutubisho.

Kuhusu dawa nitasema machache. Kwa bulimia nilipewa fluoksetini, ambayo husaidia kupunguza kubugia na kutapika kwa dozi ya miligramu 60, kubwa kuliko ile ya kawaida ya sonona. Ilinisaidia, lakini isingetosha peke yake. Dawa moja ya sonona, bupropioni, haipewi mtu mwenye bulimia au anoreksia kwa sababu huongeza hatari ya degedege, kwa hiyo anayetibiwa sonona huku anaficha kutapika ni bora amwambie daktari. Kwa anoreksia hakuna dawa inayochukua nafasi ya chakula.

Watu huniuliza nani alinisababishia. Mama aliuliza swali hilo kwa kujiogopa yeye mwenyewe, na ilinichukua muda kumtuliza. Sehemu kubwa ya uwezekano wa kuugua hurithiwa: utafiti uliochapishwa 2019 ukiwa na karibu wagonjwa 17,000 wa anoreksia ulipata sehemu 8 za jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya mtu, zinazohusiana nayo, nyingine zikigusa namna mwili unavyotumia chakula. Juu ya urithi huo huja kujinyima, na maneno ya watu, na picha. Huko visiwa vya Fiji, mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika eneo lao, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliporudi kuuliza, zaidi ya asilimia 11 walisema wanafanya hivyo. Nikikumbuka hilo, nashindwa kunyamaza mtu mzima anapomsifu mtoto kwa kupungua. Huenda anausifu ugonjwa.

Nimerudi nyuma zaidi ya mara moja. Kila mara ilianza vilevile: kazi ikazidi, nikaruka chakula cha mchana, jioni nikajiambia sina njaa. Sasa dada yangu ana ruhusa yangu ya kuniuliza kwa maneno matatu tu, "Umekula saa ngapi?", nami nimeahidi kumjibu ukweli. Haniulizi uzito, haniambii nimependeza au nimenenepa, hanifuati chooni. Tukimaliza kula huwa ananitafutia shughuli ya saa moja hivi, kutembea au kuosha vyombo pamoja, kwa kuwa hamu ya kutapika hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe mtu akiisubiri akiwa na mwenzake.

Kama ni wewe unayeumwa, au unaishi na anayeumwa, zipo dalili zisizongoja miadi: kuzimia, moyo kwenda ovyo, maumivu ya kifua, misuli kuishiwa nguvu, damu kwenye matapishi, kukataa chakula na maji, na mawazo ya kujiua, ambayo katika magonjwa haya ni ya kuchukuliwa kwa uzito wote. Hayo ni ya hospitali leo hii. Kwa mengine, nenda kwa daktari yeyote aliye karibu, hata asiye mtaalamu wa matatizo ya kula, na usisubiri akukisie kwa kukutazama. Mwambie mlangoni: nina tatizo la kula, huwa natapika, naomba nipimwe potasiamu na moyo.